Kiangazi cha tanga: mwongozo wa kuvitembelea visiwa vya Lamu kwa mashua, kuona jamaa na miji ya kale

Mara ya kwanza nilipopita Mkanda, mashua yetu ililala ubavu juu ya matope kwa saa sita. Mkanda ni mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, kingo zake mikoko mitupu, na chombo chenye mzigo hupita humo maji yakijaa tu. Nahodha alitwambia tangu usiku tuwe gatini saa nne na nusu asubuhi. Tukaitikia. Asubuhi mmoja wetu akaenda kungoja mahamri yaive, mwingine akakumbuka sabuni, na tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yanapwa kwa saa tatu tayari. Tulikula lile tikiti tulilokuwa tunampelekea shangazi aliyeko Faza, kisiwani Pate, tukapambana na mbu, na nahodha akalala usingizi wa raha, kwa kuwa yeye peke yake alijua saa ya kuamka.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye wiki mbili za kiangazi na asiye na haraka: anayetaka kwenda kwa tanga kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, hadi Faza na kurudi, kulala kwa jamaa na marafiki, na kushuka njiani kuona magofu na miji. Boti ya mashine hufika Faza kwa asubuhi moja, na wenye shughuli waipande. Hapa tunazungumza safari inayopangwa kwa maji. Kalenda ya ukutani itakwambia siku ya kurudi kazini, basi.

Kwanza, msimu

Kusi likishika, hasa Juni hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka na mawimbi kwenye milango ya visiwa huwa makubwa. Manahodha wazoefu husafiri hata wakati huo, lakini ukiwa na watoto, au shangazi mwenye presha, usiwaige. Masika nayo, kuanzia mwisho wa Machi, huja na mvua na pepo zisizotulia.

Kiangazi cha kaskazi, Desemba hadi Machi, ndicho chetu. Mvua ni adimu, maji ni meupe hata unaona matumbawe chini, na upepo unatoka upande mmoja siku nyingi mfululizo. Ndio upepo ule ule ulioleta majahazi ya Ghuba na Oman kwenye pwani hii kwa karne nyingi. Waliokuwa wakiungoja Maskati walikuwa wanaujua kuliko programu yoyote ya simu. Januari unaweza kuvuma kwa nguvu siku mbili tatu, kisha ukalegea. Alfajiri hupata umande, upepo mwepesi wa bara, ambao ni zawadi kwa anayeamka mapema.

Elewa tangu sasa maana yake kwa njia yako. Kutoka Amu kwenda Pate na Faza unaelekea kaskazini mashariki, yaani unaukabili upepo. Utakwenda kwa kubisha, ukikata huku na huku, na utarudi upepo ukiwa tezi, yaani nyuma yako, chombo kinateleza. Kwa hiyo weka siku nyingi za kwenda na chache za kurudi. Watu wengi hugawa nusu kwa nusu, halafu wanashangaa kwa nini siku ya tatu bado wanaiona Manda.

Angalia pia Ramadhani. Mwaka 2026 na 2027 inaanza Februari na kuingia Machi. Mabaharia wako watakuwa wamefunga, na kuvuta tanga juani bila maji ni adhabu usiyopaswa kumpa mtu. Wenyeji wako nao watajisumbua kukupikia mchana. Ukiweza, nenda Shaaban, siku za kuvunja jungu, ambapo kila nyumba ina sababu ya kupika.

Soma mwezi

Hili ndilo somo lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika hamsini kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana. Katika pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa karibu na saa nne na hupwa karibu na saa kumi.

Sasa chukua tarehe za mwezi wa Kiislamu, ambazo wavuvi huzitumia kwa sababu hiyo hiyo. Bamvua ni karibu na tarehe 1 na 15, na maji mafu ni karibu na tarehe 8 na 22. Tarehe 10 maji yatajaa saa tano hivi asubuhi, tarehe 12 baada ya adhuhuri, tarehe 14 alasiri. Yaani kuanzia tarehe 9 hadi 15, na tena 23 hadi 30, unapata maji makuu mchana, saa ambazo unahitaji kuingia kwenye vijito na milango myembamba huku unaona unakokwenda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wageni hulikosa. Maji ya kujaa siku za maji mafu hayafiki juu kama ya bamvua. Kijito kinachobeba mashua vizuri tarehe 14 kinaweza kuikwamisha tarehe 9, ingawa siku zote mbili utaambiwa "maji yamejaa." Kwa hiyo weka mwanzo wa safari sehemu zenye kina, na sehemu ngumu, kama kijito cha Siyu, zisogeze karibu na bamvua.

Ushauri wangu: ondoka tarehe 10 ya mwezi, au 24, na urudi siku kumi au kumi na moja baadaye. Chapa jedwali la maji kwenye karatasi, maana mtandao hupotea nyuma ya mikoko, kisha mpelekee nahodha wako aliangalie. Akicheka na kukwambia "ongeza nusu saa pale Mkanda," mwamini yeye.

Kupata chombo na nahodha

Fika Amu siku mbili kabla. Ukitoka Mombasa kwa basi unashukia Mokowe na kuvuka kwa boti. Ukija kwa ndege unatua Manda, na Amu iko ng'ambo ya maji. Siku hizo mbili ndizo za kutafuta chombo. Usilipe mtu wa kwanza atakayekufuata gatini. Kaa baraza ya pwani, kunywa kahawa tungu, uliza nani anakwenda Faza na Kizingitini mara kwa mara. Jina moja litarudiwa na watu watatu wasiojuana. Huyo ndiye.

Kwa watu wanne hadi sita, mashua yenye nahodha na baharia mmoja inatosha. Jahazi ni zuri lakini linataka maji mengi zaidi chini yake. Dau dogo ni la mchana mmoja.

Kabla ya kukubaliana bei, panda ndani ukiangalie chombo kikiwa kinaelea. Inua mbao za sakafu utazame ngama, yaani tumbo la chombo. Maji kidogo si kitu, kila chombo cha mbao hulia. Lakini baharia akiwa anafua maji wakati wote mnaozungumza, aga kwa adabu uondoke. Uliza lini kilipigwa kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao, na lini kilipakwa shahamu, mafuta ya kulinda mbao. Shika kamba ya henza, inayopandisha tanga, na ya demani, inayoliongoza: ziwe hazijachakaa mahali zinapopita. Tazama tanga likiwa limekunjuliwa, si limefungwa. Hesabu nanga, ziwe mbili. Pawe na pondo la kusukumia kwenye maji madogo, makasia, na mashine ndogo ya akiba yenye mafuta ya kutosha kurudi, hata kama mmeapa kwenda kwa tanga. Jaketi za kujiokolea ziwe sawa na idadi ya watu, na za watoto ziwe za watoto. Zivae uone kama zinafunga. Mashua moja niliyoiona ilikuwa nazo kumi, na tisa zilikuwa hazina mikanda.

Bei izungumzwe kwa siku, wala si kwa safari, kwa kuwa upepo unaweza kukushikilia mahali. Semeni wazi: chakula cha mabaharia ni juu ya nani (kawaida ni juu yako), mafuta ya akiba ni juu ya nani, siku ya kukaa bila kusafiri inalipwa kiasi gani, na sehemu gani inalipwa mbele. Nusu mbele, nusu mkirudi, hunipa amani. Mwambie pia nahodha ukweli kuhusu watu wako: nani hajui kuogelea, nani ana mimba, nani hutapika akiona tu bahari.

Halafu kuna usalama wa nchi kavu. Kiwayu na Kiunga ziko karibu na mpaka wa Somalia, na hali ya eneo hilo hubadilika. Kabla ya kuondoka pita kituo cha polisi Amu na kwa wavuvi wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, uliza kama njia iko wazi wiki hiyo, uwaachie majina na siku ya kurudi. Safari ninayoieleza inaishia kisiwani Pate kwa makusudi. Kiwayu ni nzuri mno, na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotangazwa mwaka 1979, ina kasa na matumbawe ya kutosha wiki nzima, lakini ongeza siku hizo baada ya kuambiwa na wanaoishi huko.

Unachobeba

Maji ya kunywa: lita nne kwa mtu kwa siku, kwenye madumu madogo yanayofungika, na usitegemee kujaza visiwani kiangazi; visima vya Pate vina shida zao na wenyeji wanahitaji walicho nacho. Mchele, unga, vitunguu, nazi, ndimu, chumvi, tangawizi, majani ya chai. Samaki utanunua baharini kwa wavuvi. Mabaharia hupika kwenye seredani iliyowekwa juu ya mchanga, na wali wa nazi ulioiva chomboni, wenye moshi kidogo na kitu cha chumvi ambacho hukukiweka wewe, siwezi kukueleza.

Kofia inayofungwa kidevuni. Nguo za mikono mirefu. Viatu vya kukanyagia maji, kwa sababu ya chaza wa miambani na miba ya fuma, wale nungunungu wa baharini. Ukikanyaga bila viatu safari yako imegeuka. Mifuko isiyopitisha maji. Tochi. Chandarua. Fedha taslimu za noti ndogo pamoja na salio la M-Pesa, kwani malipo ya makumbusho na ya serikali mara nyingi hufanywa kwa simu. Dawa zako zote, maana kusafiri usiku kutafuta duka la dawa hakupo.

Kuhusu kichefuchefu: kaa katikati ya chombo, tazama mbali, tafuna tangawizi, usisome simu. Kuhusu choo: mashua haina. Panga vituo kila baada ya saa tatu, na wanawake wasione haya kumwambia nahodha asogee kisiwani. Ameshawabeba mama zake na dada zake maisha yake yote.

Peleka salamu kabla yako

Kutembelea watu kwa chombo kuna adabu zake. Siku utakayofika huijui sawasawa, kwa hiyo usiseme "nakuja Jumatano." Sema "nakuja kati ya bamvua na siku tatu mbele yake," nao wataelewa vizuri kuliko ungetaja tarehe. Piga simu ukiwa Amu, piga tena ukiwa Mtangawanda, kwenye gati ya Pate. Usitokee mlangoni na watu sita magharibi, ukitarajia chakula. Wataleta, na watakopa ili walete.

Zawadi nzuri ni vitu vinavyokuwa ghali baada ya kuvushwa maji: sukari, kahawa, mafuta ya kupikia, halwa ya Amu, madaftari ya watoto. Ukinunua samaki mkubwa njiani, mpeleke mzima. Wanaume wageni hukaribishwa dakani, ukumbi wa mlangoni, wanawake huingia ndani, na kwa nyumba nyingi huo ndio utaratibu bila mtu kuusema. Mtoe viatu, mseme hodi mara tatu, mrudi kama hakuna jibu. Kanga mbili kwenye begi humfaa mwanamke kwa kila kitu: kujifunika, kulalia, kuzuia jua. Picha za watu, hasa za akina mama, uliza kwanza.

Na mabaharia? Wengine hulala chomboni, wengine wana ndugu kila kijiji. Waulize, wala usiwaache nje ya mlango wa mwenyeji wako kama mizigo.

Njia yenyewe

Siku ya kwanza usiende mbali. Zunguka Amu, teremka Shela, vukia Ras Kitau upande wa Manda, rudi. Ni siku ya kujifunza kukaa. Chombo kikibisha, kila mtu huhamia upande wa goshini, upepo unakotoka, ili kukisawazisha. Mabaharia wa Lamu hutoa ubao nje na kukaa juu yake kama ndege. Tanga likihamishwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, hupita juu ya vichwa kwa uzito wa kuvunja shingo. Nahodha akiita, inama kwanza, uliza baadaye.

Ukiwa Shela panda fungu la mchanga nyuma ya kijiji. Hapo, karibu na mwaka 1812, watu wa Pate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walikuja kuishambulia Lamu. Walishindwa, wakakimbilia vyombo vyao, na inasimuliwa kwamba walivikuta vimekaa juu ya mchanga, maji yameshapwa. Wengi waliuawa hapo hapo ufukweni. Amu yenyewe ipe nusu siku: ngome iliyokamilika mwaka 1821, Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kutoka Mkomani hadi Langoni, makumbusho ya pwani. Mji huu uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na punda hawajali. Wapishe.

Siku ya pili, tarehe 11 ya mwezi, ni Takwa. Magofu yako ndani ya Manda, na njia ya chombo ni kijito cha mikoko kinachokaribia kukata kisiwa vipande viwili. Ingia saa moja kabla ya maji kujaa, na nahodha akusisitizie saa ya kutoka. Takwa ulikuwa mji kati ya karne ya 15 na ya 17, wenye ukuta kuuzunguka na msikiti wa Ijumaa ambao juu ya kibla chake imesimama nguzo. Nje ya ukuta kuna kaburi la nguzo lenye tarehe inayolingana na 1681 au 1682. Watu walihama, na wa Shela hujihesabu kuwa wajukuu wao. Bado huja hapa kuomba dua ya mvua. Kaa chini ya mbuyu, tembea hadi ufuko wa upande wa pili, lakini mtu mmoja abaki akitazama kijito. Mizizi ya mikoko ikianza kuonekana, muda umekwisha.

Siku ya tatu, Mkanda, na tafadhali mahamri mnunue usiku. Maji yatajaa baada ya adhuhuri; ingia kama saa moja na nusu kabla yake, ili hata ukigusa matope maji yanayopanda yakuinue. Kukwama maji yakipanda ni kupumzika kidogo. Kukwama yakishuka mnakujua. Ukitokeza kaskazini, kwenye pembe ya Manda, hapo palikuwa mji wa Manda, uliokuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9. Kinachoonekana leo ni mawe na kichaka, na mimi huwa napita bila kushuka. Anayependa historia asinisikilize.

Mbele ya hapo maji yanafunguka, na mazingira yamebadilika. Bandari mpya ya Lamu ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021, na njia yake iliyochimbwa hupita kwenye maji haya. Meli kubwa haiwezi kukukwepa na haitakuona vizuri. Kata njia yake kwa haraka, wima, wakati hakuna kitu kinachokuja. Usipige picha bandari wala kambi za jeshi. Kisha tafuta Manda Toto, kisiwa kidogo, tia nanga kwenye mchanga mbali na matumbawe, uogelee. Kiangazi maji yake ni kioo.

Mtangawanda ndiyo gati ya Pate. Gati ya mji wenyewe hukauka, kwa hiyo vyombo vingi huishia hapa na watu humalizia kwa miguu, mwendo kama wa saa moja kwenye njia ya mchanga. Nenda asubuhi, beba maji. Pate walitawala ukoo wa Wanabahani, na mji wao wa zamani umelala ubavuni mwa mji wa leo: kuta za mawe, vidaka vya plasta, na katikati ya vyumba tumbaku imepandwa kwa mistari. Hiyo tumbaku ndiyo kitu nisichokisahau. Sebule ya mtu mkubwa wa karne ya 17 imekuwa shamba, na mwenye shamba atakuonyesha mlango ulikuwa wapi. Lipa mtoto au mzee akuongoze. Njia ndani ya mji huo zinabana kiasi kwamba mabega yanagusa pande zote.

Siyu iweke tarehe 14 au 15. Chombo huingia kwa mkono wa bahari wenye mikoko, kirefu, na alasiri hiyo maji ya bamvua ndiyo yatakufikisha karibu na ngome. Ukishaingia, umeshafungiwa ndani hadi maji yajayo, kwa hiyo lala. Hapa palikuwa na wanavyuoni, wanakili wa misahafu, mafundi wa ngozi na wa nakshi. Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mumewe mshairi Mwana Kupona, na wanawe baada yake, waliukatalia usultani wa Zanzibar hadi miaka ya 1860. Ngome yao imejengwa na wenyeji wenyewe, jambo lisilo la kawaida katika pwani ya ngome za Wareno na Waomani.

Asubuhi yake maji yakiwa yamepwa na chombo kimekaa, ndiyo nafasi ya kwenda Shanga, mwendo wa saa moja kwa miguu hadi pwani ya kusini. Pata mwenyeji wa kukuongoza. Mwanaakiolojia Mark Horton alichimba hapo miaka ya 1980 na chini ya msikiti wa mawe akakuta misikiti mingine juu ya mingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Mji uliachwa mwanzoni mwa karne ya 15. Utasimuliwa pia habari za merikebu ya Wachina iliyovunjika hapa na mabaharia waliooa Pate. Sikiliza yote, usibishane na mzee katika kijiji chake.

Faza na Kizingitini ni za watu. Sina ratiba ya kukupa. Faza iliharibiwa na Wareno mwaka 1587 ikajengwa tena, na nje ya mji lipo kaburi la Amir Hamad, jemadari wa Zanzibar aliyeuawa vitani dhidi ya Siyu na Pate katika miaka ya 1840. Utalipitia ukienda kumwamkia mtu. Kizingitini ni ya wavuvi, amka uone samaki na kamba wakishushwa. Kwa shangazi yangu siku ya kwanza ni ya kulala, ya pili ni ya kuzungushwa kwa kila jamaa aliye hai, ya tatu ni ya makaburi ya waliokufa. Weka siku tatu kamili, na ya nne mfukoni kwa ajili ya upepo. Wenyeji wakisema "kesho bahari mbaya," huenda bahari ni mbaya, au huenda mbuzi ameshanunuliwa. Mwulize nahodha pembeni.

Kurudi

Upepo sasa uko tezi, na kosa la kurudi ni kujiamini. Ondoka Faza mchana wa tarehe 19, ulale Mtangawanda. Tarehe 20 maji yatajaa karibu na saa mbili asubuhi, kwa hiyo ng'oa nanga alfajiri na mapema, gizani bado, kama mbalamwezi na nahodha vinaruhusu, uwe mdomoni mwa Mkanda kabla hayajaanza kupwa. Kwenda na upepo wa nyuma, tanga linaweza kuhama ghafla upande. Watoto wakae chini, mbali na foromali. Ukiona huwahi, usilazimishe. Tia nanga nje, pika chai, ngoja maji ya jioni.

Amu, lipa nusu iliyobaki mbele ya baharia ili ajue kilicholipwa, na ongeza kitu chake mkononi mwake. Maji ya kunywa yaliyobaki na mchele waachie. Pitia tena kwa polisi na BMU useme mmerudi, wasije wakaanza kuwatafuta.

Halafu utafungua kapu na kukuta bakuli la shangazi, lile alilokutilia kaimati za njiani. Lisirudi tupu. Nunua halwa asubuhi, lijaze, lifunge kwa kitambaa, mpe nahodha. Anapanda tena Faza tarehe 24.